Simu Juu ya Meza ya Kamati

Elsie Akoth alijua tangu zamani kwamba baba yake hangemsamehe kwa kuchagua kazi isiyo na kifaa. Daktari ana vipimo vyake, seremala ana randa yake, na Mzee Zedekiah Odongo mwenyewe, miaka thelathini na mmoja katika ofisi za reli, alikuwa na mihuri minne na kidau cha wino.

"Wewe una nini?" alimwuliza jioni ya kwanza aliporudi mtaani Kaloleni kwa likizo. "Una kiti. Mzungu anakaa, analia, wewe unatikisa kichwa. Hata mbuzi anajua kutikisa kichwa."

"Mbuzi hajui kunyamaza, Baba."

Ugomvi wa likizo hiyo ulianzia hapo, na chai haikuwa imemiminwa bado.

Elsie alikuwa mshauri nasaha huko Doha, mwaka wa saba sasa. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya tisa, na waliomjia ni watu waliohama makwao kama yeye: rubani Mjerumani aliyeogopa kulala, mwalimu kutoka Ireland aliyelia kwa kukosa mvua, wauguzi wa Ufilipino waliolea watoto wao kwa simu. Mwanzoni walimwangalia kwa mashaka. Mmoja alimwambia usoni, "Wewe Mwafrika, shida zangu utazielewaje?" Elsie akamjibu kwamba siku zake mbili za kwanza katika mji ule alijifungia chumbani akala mkate mkavu, kwa sababu aliogopa kwenda dukani. Yule mtu alirudi wiki iliyofuata, na wengine wakamfuata. Mtu aliye ugenini ana maneno ambayo kwao yangefika kwa jirani kabla sufuria haijatoka motoni. Kwa Elsie hayakufika popote. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote, na aliifanya kwa fahari.

Kaloleni, kwa upande wake, ni mahali ambapo maneno hufika. Katika nyumba ya Mzee Zedekiah ukuta wa kati haukufika darini. Ukikohoa chumbani, aliye sebuleni anakupa pole. Wateja wanne hawakuweza kumngoja Elsie mpaka likizo iishe, hivyo aliongea nao kwa simu akiwa chumbani, redio ikilia mlangoni. Watatu walikuwa watu wa Kiingereza na Mzee hakujali habari zao. Lakini Jumapili ile Elsie aliongea Kijaluo kwa saa nzima, na katikati, kwa kuteleza ambako asingemsamehe hata mwanafunzi wa kazi hiyo, jina la Kezia lilimtoka kwa sauti.

Kezia alikuwa jirani yao, mlango wa tatu, na alikuwa amefariki siku tisa zilizopita. Mwili ulikuwa mochari. Basi la kumpeleka kwao Ugenya lilipangwa kuondoka Alhamisi, ila ukoo ulikuwa umeweka sharti: hazikwi mpaka kifungua mimba wake, Sylvance, atupe udongo wa kwanza kaburini. Sylvance alikuwa Doha na hakushika simu ya mtu. Mzee Zedekiah, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alikuwa ameuahidi ukoo mbele ya watu kwamba kijana atakuja.

"Kumbe ni mgonjwa wako," Mzee alimwambia Elsie alipotoka chumbani.

"Sijasema ni nani."

"Nilikusikia. Kwa nini haji?"

"Baba, siwezi kusema hata kama namjua au simjui."

"Unamjua tangu akiwa anakojoa kwenye mtaro huu!"

Habari ilitoka nje ya nyumba ile kabla Elsie mwenyewe hajatoka. Kufikia Jumatatu asubuhi kila mtu aliyepanga foleni ya maji alikuwa na neno lake. "Daktari wa machozi huyo anapita," walisema. Zaitun, aliyeuza mahamri karibu na mfereji na aliyemjua Elsie tangu utotoni, hakunong'ona. "We Elsie, huo mdomo wamekutilia kufuli la Kiarabu? Maiti yaoza nawe wajitia heshima ya kizungu!"

Elsie alinunua mahamri mawili akaondoka. Ukweli aliokuwa nao ulikuwa mfupi. Miaka mitatu iliyopita Sylvance alimtafutia mdogo wake, Ouma, kazi ya melini. Ouma akaanguka baharini na mwili haukupatikana. Nyumbani wazee wakazika tunda la yago, lile refu kama mkono wa mtu, mahali pa mwili wake, jinsi desturi inavyotaka. Kezia hakulikubali tunda. Alimpigia Sylvance akamwambia: uliondoka naye, usikanyage boma langu bila yeye, hata nikifa, usije. Kisha akafa bila kuliondoa neno lake.

Kwa hiyo Sylvance hakuwa mkaidi, alikuwa amekatazwa na mama yake mzazi, na kwa Mjaluo hilo si jambo la kucheka nalo hata akiwa na digrii mbili. Wazee walikuwa na njia zao za kulifungua neno la namna hiyo. Elsie alijua hivyo, na ndiyo maana Jumapili alikuwa amemsukuma Sylvance taratibu mpaka akakubali kwamba Jumatano atampigia mwenyewe baba yake mdogo, Patrobas, na kumweleza. Sharti lake lilikuwa moja: kabla ya hapo asisikie mtu akimtaja mama yake kwa ubaya, naye hajazikwa. Elsie alimwahidi. Zilibaki siku mbili tu za kunyamaza.

Jumanne alasiri alikwenda soko la Kariokor kununua viatu vya akala, vya mpira wa tairi, alivyoagizwa na wenzake wa kazini. Simu aliiacha nyumbani ikipata chaji. Namba ya kuifungua baba yake aliijua, kwa kuwa Elsie alimpa ili asome magazeti. Mzee alikuwa msomaji wa magazeti hata ya nchi ambazo hangefika.

Aliporudi, waya ulikuwa unaning'inia mtupu.

"Simu yako?" Zaitun alimwambia, na safari hii hakucheka. "Babako ameibeba kwa mikono miwili kama msahafu. Kaenda nayo ukumbini kwa kamati."

Elsie alikimbia na viatu vyake vya akala mkononi.

Ndani ya ukumbi walikuwa watu kama ishirini kwenye viti vya plastiki. Simu ilikuwa juu ya meza ya kamati, kipaza sauti kimewashwa, ikiita. Kabla Elsie hajafika katikati, Kabiru, katibu wa kamati, alisimama mbele yake mikono ikiwa imetanuka.

"Dada, subiri wazee wamalize."

"Hiyo ni simu yangu!"

"Tunajua. Subiri."

Simu ikashikwa. "Elsie?" ilisema sauti ya Sylvance, laini, ya mtu aliyeona jina analoliamini. "Niko kazini, siwezi kuongea sana. Nimekata tiketi."

Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Mama mmoja alipiga kigelegele. Kama wangeishia pale, wote wangekwenda nyumbani na heshima yao.

"Hao ni nani?" Sylvance aliuliza.

Patrobas aliinuka. Alikuwa mtu mnene wa maneno mengi, na uso wake haukuonyesha furaha ya tiketi. "Ni sisi. Ni baba yako mdogo. Kwa hiyo tiketi unamwambia binti wa Odongo, na mimi niliyekulipia hata kung'olewa jino unaniona mbu?"

"Baba, nilikuwa nikupigie kesho."

"Kesho! Mama yako siku ya kumi na moja yuko kwenye droo! Ni nini kilikuzuia? Sema mbele ya watu hawa."

Patrobas aliinamia simu.

"Usininyamazie. Na usidhani unaficha kitu. Daktari wako ametuambia yote."

"Uongo!" Elsie alipiga kelele. "Sylvance, sikusema!" Lakini watu ishirini walikuwa wakimsalimia Sylvance kwa pamoja, kila mmoja akitaka sauti yake ifike Arabuni, na ya kwake ikazama humo.

"Amewaambia?" Sylvance aliuliza polepole.

"Kuanzia mwanzo hadi mwisho," alisema Patrobas.

"Basi mnajua kwamba nimekatazwa. Mzikeni."

Simu ikakatika. Kabiru akashusha mikono. Elsie aliifikia meza, akapiga tena na tena. Haikuita. Aliandika ujumbe, nao haukuenda. Sylvance alikuwa amemfungia nje.

"Amekatazwa nini?" mtu aliuliza. "Amekatazwa na nani?"

Hapo ndipo nyuso zote zilipomgeukia. Patrobas alijifuta jasho, akasema kwa sauti ya upole iliyomkera Elsie kuliko ile ya hasira, "Binti yangu, mimi nilitega tu. Ni mtego wa kawaida wa kumtoa mtu maneno. Sasa tumalizie. Amekatazwa na nani?"

Zilihitajika sentensi mbili. Wazee hawa waliokuwa wakimtazama kama mwizi ndio waliojua la kufanya na neno la mama aliyekufa, na pengine wangelifanya kabla ya Alhamisi. Elsie aliziona sentensi zenyewe zimejipanga. Lakini Sylvance alikuwa ameambiwa kwamba ameuzwa. Akizisema sasa, uongo wa Patrobas ungekuwa kweli, na pasingekuwa tena na mtu yeyote duniani ambaye yule kijana alimwambia jambo likabaki.

"Hamtalisikia kwangu," alisema.

"Mtu mwenyewe amekutupa!" Mzee Zedekiah alinguruma. "Unamlinda nani? Nimetoa jina langu mbele ya ukoo huu!"

"Jina lako ulilitoa wewe, Baba. Hukuniuliza."

Baadhi walicheka, na hicho ndicho Mzee hakukivumilia. Alimnyooshea kidole. "Toa mizigo yako nyumbani kwangu. Leo, jua likiwaka. Usilale humo."

Elsie alikuwa akikunja nguo baba yake alipoingia chumbani na kufunga mlango. Mzee alishusha sauti kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze.

"Mama." Alimwita hivyo kwa sababu Akoth lilikuwa jina la mama mzazi wa Mzee, naye alimwita hivyo alipotaka kitu. "Niambie mimi peke yangu. Halitatoka humu."

"Kama lile la barua ya kliniki?"

Mzee aliangalia mlango aliokuwa ameufunga.

"Mwaka ule Mama alipofariki ulinipigia Doha siku arubaini mfululizo," Elsie alisema, akiendelea kukunja. "Uliniambia kliniki ilimwandikia arudi ndani ya wiki. Barua ilikuwa ya maneno magumu, hukuielewa, na uliona haya kumwuliza mtu yeyote, wewe uliyesoma shule ya usiku mpaka ukapata cheti. Ukaitia kwenye droo. Zaitun ananiuliza kila mwaka Mama alikufaje. Patrobas alishaniuliza. Umewahi kulisikia mtaani?"

"Usithubutu."

"Sithubutu. Ndiyo kazi yangu ilivyo."

Mzee Zedekiah alikaa kitandani juu ya nguo zilizokunjwa. Halafu alitoa simu yake ndogo ya vibonye na karatasi ambayo alikuwa amenakili namba ya Sylvance kwa mwandiko wake wa ofisini. Alipiga. Haikushikwa. Alipiga mara ya pili na ya tatu. Kisha akaanza kuandika ujumbe kwa kidole kimoja, akiweka kila nukta mahali pake, na alipomaliza aliusoma kwa sauti kavu kama anayesoma notisi:

"Mimi ni Zedekiah Odongo, Mwenyekiti. Binti yangu hakutuambia neno. Tulikudanganya."

Akabonyeza. "Usidhani nimekusamehe," alisema, akiinuka.

"Wala mimi," alisema Elsie, akavuta zipu ya sanduku.

Aliondoka kwenda mtaa wa Umoja, kwa binamu yake Carolyne, na hakuna aliyemsindikiza. Basi liliondoka Alhamisi. Kezia alizikwa Jumamosi, na udongo wa kwanza aliutupa Patrobas, baada ya ukoo kubishana kutwa nzima. Kaloleni walisema binti wa Odongo ndiye aliyemnyima marehemu mwanawe, na wanasema hivyo mpaka leo.

Huko Doha, Elsie aliripoti kosa lake mwenyewe: jina alilolitaja kwa sauti, simu aliyoiacha, namba aliyoigawa. Faili la Sylvance likahamishiwa kwa mwenzake wa kazi, Mativo, Mkamba asiyependa maneno mengi. Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja walikutana kwenye lifti.

"Alikuja kikaoni," Mativo alisema, akitazama mlango.

Elsie alitaka kuuliza kama ule ujumbe wa nukta ulisomwa, na kama palikuwa na mzee wa Ugenya aliyepigiwa simu kulifungua lile neno la mama. Lakini yule hakuwa mteja wake tena, na majibu hayo hayakuwa yake. Lifti ilifika ghorofa ya tisa. Walitoka, kila mmoja akaingia chumbani mwake.