Chaza za Shangazi Mwatima

...zima, Anjela, bakuli zima! Na mchuzi nikaunywa, nikalamba na kijiko, mtaa mzima unanitolea macho. Subiri, nakaa vizuri nikuambie, maana hii voisi itakuwa ndefu na sirudii kurekodi.

Unajua shangazi yangu Mwatima, yule wa Pemba, ndiye niliyefikia kwake huku Kigombe likizo hii. Bamvua likija, bahari inakupwa mpaka mbali, naye anaingia mwambani kubandua chaza. Anachagua huyo, utachoka. Kule mtoni kwenye mikoko, maji machafu yanakotokea, hagusi hata moja. Chaza aliyekaa mdomo wazi anamtupa. Akirudi anachemsha, anauza supu hapo hapo uani. Ndiyo maisha yake. Ila njia ya kwenda pwani inapita kwenye minazi ya Bi Ghanima, yule mama wa Kimanga mwenye shamba lote hili. Akiifunga, shangazi hana pa kupita.

Sasa leo mchana akaja Huwaida, binti yake Bi Ghanima, kununua supu. Akamkuta shangazi anaonja chumvi kwa ncha ya ulimi, halafu anatema pembeni. Hakuuliza kitu, akachukua bakuli lake akaondoka. Mjukuu wa nyumba ile, Wael, akala. Kabla ya alasiri anatapika.

Weee, wakaja wote. Bi Ghanima mbele, mwanawe Taimur nyuma, na wanaume wa msikitini wakageuza njia kuja kutazama. Nikampa shikamoo yake, akanipita kama anapita mti.

"Supu yako wewe mwenyewe unaitema," akamwambia shangazi. "Mjukuu wangu ndiye ameze?"

 Na huku, Anjela, desturi ni kwamba aliyeokota ndiye anakula wa kwanza kwenye chungu chake. Kila mtu anajua hilo. Taimur akachota bakuli, akamsukumia mkononi kama anampa mbwa. Akasema ale sasa hivi, la sivyo kesho asubuhi kibarua wao Shaib anakuja na seng'enge na nguzo, njia inafungwa, na Mpemba arudi alikotoka.

Shangazi anaangalia mchanga tu. Watu wakaanza kunong'ona, mmoja akasema si mnaona, anaijua sumu yake. Mimi najua kwa nini hali. Amefunga. Analipa siku zake za Ramadhani, na siku za namna hiyo huwezi kuzivunja ovyo. Na hawezi kusema, kwa sababu wanaume wamejaa uani, na mwanamke akisema analipa siku, hata mtoto wa madrasa anajua zilimpita kwa nini, ni siku zake za mwezi. Bi Ghanima naye ni mwanamke, angeweza kufikiri, lakini alikuwa hataki kufikiri.

Basi nikalinyakua lile bakuli nikala. Bi Ghanima akasema hukuokota wewe, haihesabiki. Mdomo umejaa chaza, nikaropoka.

"Shangazi anadaiwa saumu, ndiyo maana anatema."

 Mzee mmoja akakohoa, akatafuta viatu vyake. Taimur akaangalia minazi kama leo ndiyo anaiona. Nikadhani nimemwokoa. Shangazi akanisogelea, akasema polepole:

"Umenivua nguo mbele ya wanaume, Khairat. Bora wangenifungia njia."

Na unadhani Bi Ghanima alilegea? Akasema aliyefunga afunge na biashara yake. Halafu akatoa hukumu: nikiamka mzima, njia inabaki. Tumbo likinichafuka hata kidogo, seng'enge. Na akamwacha Huwaida mlangoni kwetu anilinde nisije nikatapika kwa siri. Yuko hapa hapa, ananisikia ninavyoongea. Nimemuuliza kama Wael alikula kitu kingine leo, akanijibu niulize tumbo langu.

Magharibi shangazi akafungua kwa tende na maji. Akawasha moto, akaichemsha tena ile ile supu iliyobaki, akakaa karibu kabisa na magoti ya Huwaida, akala. Bakuli la kwanza, la pili, hamwangalii mtu. Kwa hiyo sasa ni matumbo mawili. Huwaida akageuza uso.

Mimi shangazi hajanisemesha tangu pale. Nimemtandikia mkeka, akautandua akautandika mwenyewe. Na tumbo langu linanguruma, Anjela, sijui ni chaza au ni woga, kila likinguruma Huwaida anainua kichwa. Nguzo za Shaib zimeshalazwa pale njiani, naziona kutoka hapa nilipo. Acha nilale. Kesho nikiamka, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa kama njia ipo, na kama shangazi ameitikia salamu yangu.