Jiwe la Chokaa Mezani

Walisema Baba amechoka. Amechoka nini! Mtu mzima anaweka kitana ndani ya birika, halafu mnaniambia amechoka. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kufundisha ndiko kulikobaki kumshika, nitafanyaje? Mkuu wa shule, mwanafunzi wake wa zamani, akasema ataingia darasani amsikilize. Akifundisha sawasawa, anabaki. La sivyo, akapumzike nyumbani.

Nilikaa nyuma, kando ya Mkuu. Nami nafundisha kemia hapo hapo.

Baba akaweka jiwe la chokaa mezani. "Likiachwa hapa, litavunjika lenyewe litoe hewa ukaa? Msibahatishe kama wapiga ramli. Ulizeni enthalpia, joto linalomezwa. Ulizeni entropia, mtawanyiko unaoongezeka."

Sauti ilikuwa ile ile. Nikamtazama Mkuu: unaona sasa?

Akaandika ubaoni: enthalpia, kilojuli 178. Entropia, juli 161. Jotoridi, kelvini 298. Zidisha entropia kwa jotoridi, toa kwenye enthalpia. Jibu likiwa hasi, jambo linatokea lenyewe. Likiwa chanya, halitokei.

Gawa kwa elfu kwanza, Baba. Jamani, gawa! Juli hazitolewi kwenye kilojuli; ukigawa, jibu ni chanya, jiwe halivunjiki. Kwa kosa hilo hilo aliwahi kunitoa nje ya darasa, mimi bintiye wa kumzaa.

Hakugawa.

"Hasi elfu arobaini na saba na mia nane," akasoma, kifua mbele. "Linavunjika lenyewe. Hapa hapa mezani."

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono kwa adabu. "Samahani mwalimu, hujagawa kwa elfu."

"Elfu gani?"

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Nikasimama. "Baba, naomba chaki."

"Kaa chini, mama. Hesabu haidanganyi. Tusubiri."

Akavuta kiti, akakaa mbele ya jiwe, akalikazia macho. Kengele ikalia. Mkuu akainuka polepole, akatoka bila kuniangalia. Wanafunzi wakamfuata, mmoja mmoja, wakinyata.

"Waache," Baba akasema. "Vijana wa siku hizi hawana subira."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kulitupa lile jiwe dirishani. Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye, bega kwa bega.

"Limeanza?" nikamuuliza.

"Bado kidogo, mama. Usiondoe macho."