Raba za Injini ya Marehemu

Uvumi aliniletea Fatma, jirani yangu hapa Mtopanga, nikiwa ndani ya eda: ati mwanangu Aqil amechomelea injini ya gari la babake kwenye chesi, ile fremu inayobeba gari zima, chuma kwa chuma. Nikasali na uvumi ule, nikala nao.

Landirova lile ni la mwaka wa hamsini na nane. Mume wangu, marehemu Mwinyihaji, aliliwasha kila baada ya alfajiri nami nikimimina chai, na kwa ngurumo yake nilijua kama ameamka radhi. Mwenye eda hatoki. Sauti ile ndiyo niliyoitamani kuliko hata kutoka nje.

"Aqil."

"Labeka, mama."

"Lilete gari dirishani uliwashe."

"Umelitamani, au umetumwa na Bi Fatma?"

"Yote mawili. Lete."

Akawasha. Wallahi haikuwa sauti yenyewe. Milango iligongana, vioo vikalia, gari zima likatetemeka kama mtu mwenye homa. Enzi za babake ilicheza injini peke yake, juu ya raba zake.

"Umezitoa raba."

"Zimeoza, mama. Nimetafuta nyingine mpaka Changamwe, hakuna. Na Jumamosi namleta bi arusi wangu kutoka Mariakani. Nataka aje na gari la baba."

"Babako akisema raba ni godoro. Gari likiingia shimoni, chesi hujipinda kidogo. Ukiifunga na injini itajipindia wapi? Ingia chini, tazama palipochomelewa."

Aliingia chini ya gari akatazama. Aliporudi dirishani hakuwa na mzaha tena.

"Pana ufa, mama. Ukucha unaingia."

Bi arusi alikuja na gari la kukodi. Aqil alikata pote alipochomelea, akatia bamba penye ufa, akaagiza raba zenyewe ng'ambo, akazingoja miezi miwili.

Asubuhi aliyowasha tena, ngurumo ilikuwa ile ile. Nikajikuta nimemimina chai vikombe viwili.

Wenye magari ya wazee wenu, jiepusheni na haya:

Kuchomelea injini kwenye chesi.
Kukata tairi au ndara mkasema ni raba za injini.
Kubadilisha raba ya upande mmoja, mkaacha mbovu upande wa pili.
Kuziba ufa kwa rangi.
Kupakia mtoto wa watu kabla hamjatazama chini.