Vipande vya Neno la Arusha

Mwaka ule wa 1993, mkataba wa amani kati ya serikali na waasi ulipotiwa saini Arusha, Eustache, mkuu wa mtaa wetu hapa Nyamirambo, alianza kutembea na gazeti la Kiingereza. Mwenyewe Kiingereza hakijui. Alikuwa akiwapa vijana neno moja walisome, power-sharing, yaani kugawana madaraka. Aliyelitamka vizuri huyo katoka Uganda, kwa waasi. Wawili walishachukuliwa, hawajarudi.

Leila, binti wa kaka yangu, alikuwa amefundisha shule Kampala miaka minne. Kitambulisho chake hakikuonyesha kuwa aliwahi kuvuka mpaka. Basi nikamfundisha kusoma upya, kama tulivyosoma Kurani utotoni: unalikata neno, unavuta kila kipande kwa sauti. Po, we, ri. Sha, rin, gi. Kwenye kile kistari cha katikati, meza mate. Siku nzima tukishona tulikuwa kwenye hilo.

Eustache alikuja baada ya alasiri, nikiwa bado kwenye mswala na tasbihi yangu. Alitusemesha Kiswahili, kile cha dharau anachowawekea Waislamu.

"Haya, watu nasema wewe mwalimu ya Kampala. Soma."

Leila alilikata kama mtoto wa madrasa, akameza mate pale pa kumeza. Eustache akacheka, akasema huyu iko ng'ombe tu. Nikamshukuru Mungu moyoni, mapema mno.

Maana hakuondoka. Alimwinamia usoni, akalisoma yeye, kwa Kifaransa chake: "Povere-saringe. Ni hivyo?" Akarudia polepole, macho kwenye midomo yake. Miaka minne ya ubao na chaki si kitu kidogo. Nikaona midomo ya Leila inafunguka ili imsahihishe.

"Si hivyo," nikasema mimi. "Ni pawa-shearing."

Akageuka. "Mukecuru, wewe bibi kizee, nani alikufundisha?"

Nikamwambia redio. Akauliza redio gani. Nikasema ya London. Akanyoosha mkono, nikampa kitambulisho changu, akakitia mfukoni pamoja na gazeti. Kesho asubuhi niripoti ofisi ya komini, akasema, na nisijisumbue kubeba chakula.

Alipotoka, Leila akaanza kulia. "Shangazi, nisamehe."

Nikamwambia machozi yatamchelewesha. Avae viatu vya kutembelea, basi la mwisho la Butare bado halijaondoka. Kisha nikarudi kwenye mswala, nikatafuta punje ya tasbihi niliyoishia.