Kimya cha Tangi la Mlimani

Kila asubuhi, chai ikiwa bado inafuka moshi mezani, simu ya chumba cha mitambo cha idara ya maji ilikuwa ikilia, na binti wa zamu aliipokea akijua ni nani. Baba yake mdogo, aliyemlea, alikuwa mlinzi wa tangi la maji la mlimani. Alisoma kipimo kama mtangazaji wa habari: "Mita tatu na nusu, mwanangu. Umeamkaje?"

Asubuhi moja, kabla hajajibu, fundi mwenzake akadakia, "Redio ya mlimani iko hewani."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Binti, ambaye hata kusalimia wageni kulimtoa jasho, akahisi masikio yanawaka.

"Baba mdogo, usijisumbue tena," akasema harakaharaka. "Kile kisanduku tulichofunga kwenye tangi kinatuletea kipimo chenyewe kwa mawimbi ya redio. Maji yakipanda au kushuka sana, kinasema. Kikinyamaza, ni salama."

"Haya. Basi na mimi nikinyamaza, ni salama," mzee akacheka, akakata simu.

Kwa kuwa alicheka, binti akajipa moyo kwamba hakuudhika. Lakini simu haikulia tena, na kila chai ilipofika alijikuta akiitupia jicho. Alitaka kumpigia, akaona haya. Angeanzia wapi?

Kwenye skrini, tangi la mlimani lilibaki kijani. Kisanduku kilinyamaza kama kilivyoelekezwa, ila mtambo wa ofisini haukukiacha hivyohivyo. Kila baada ya muda ulikiuliza kama kipo, nacho kikajibu kipo. Binti mwenyewe ndiye aliyeupanga uulize, kwa sababu kimya cha salama na kimya cha kuharibika, ukivitazama kwa mbali, havina tofauti.

Kisha dereva wa gari la matengenezo akarudi kutoka mlimani. "Mzee wako anaendeleaje na ule mguu?"

"Mguu gani?"

"Si aliteleza kwenye ngazi ya tangi? Siku nyingi sasa. Hukuambiwa?"

Binti akamwomba amrudishe mlimani. Alipanda gari lilelile.

Alimkuta kitandani katika kibanda cha ulinzi, mguu umefungwa plasta hadi gotini.

"Karibu, mkubwa wa mitambo. Tangi halina neno."

"Kwa nini hukunipigia, baba mdogo?"

"Maji hayakupanda wala kushuka." Alisema bila kinyongo, na hilo ndilo lililomchoma. "Nikaona mguu wa mzee si habari ya kusumbua ofisi."

Binti akakaa ukingoni mwa kitanda. Sanduku la bati lilijuliwa hali usiku na mchana, na huyu hakuna aliyemuuliza kitu. Akaanza kujieleza.

"Najua," mzee akamsaidia, "kazi zimekusonga."

Siku nyingine angeitikia, yaishe.

"Si kazi," akasema, macho sakafuni. "Walinicheka, nikaona aibu. Nilitaka wao wanyamaze, nikakunyamazisha wewe. Kipimo sikukihitaji tangu tulipofunga kile kisanduku, baba mdogo. Nilikuwa nangoja uniulize nimeamkaje. Mpaka leo nangoja."