Mstari Nyuma ya Wendelini

"Geukeni," alisema mtendaji wa kijiji, na Wendelini akageuka, akawapa wazazi wenzake mgongo.

Ndivyo kamati ya shule inavyochaguliwa katika kijiji hiki, mbele kidogo ya Mpitimbi. Walimu wanatoa wajumbe wao, mwalimu mkuu anakuwa katibu, na kila kitongoji kinatoa mzazi mmoja. Wakitokea wagombea wawili, wanageuzwa wasione nani kawanyima, kisha kila mzazi anakwenda kusimama nyuma ya mtu wake. Haruhusiwi kumwacha mpaka ahesabiwe. Mgombea naye akigeuka kabla ya hesabu kwisha, amejitoa. Unaweza kucheka ukasema ni mchezo wa watoto. Basi kasimame wewe pale mbele, usikilize miguu ya majirani zako ikiamua.

Hatua sita kulia kwake alisimama Bwana Rupert, mwenyekiti aliyemaliza muda, tumbo mbele, ametulia kama mtu aliyeagiza chai. Kukosa kura hakukumtisha Wendelini hata kidogo, angeshukuru. Kilichomtisha kilikuwa mbele ya macho yake, kwani katika kuwageuza mtendaji alikuwa amewaelekeza kwenye choo cha wasichana.

Choo kile alikichimba yeye, miaka minane iliyopita.

Wendelini ni mchimbaji. Visima, mashimo ya vyoo, na kaburi la jirani likihitajika. Mpe mtaimbo agonge ardhi mara tatu, atakwambia chini kuna mwamba, mfinyanzi au mchanga. Pale shuleni alikuta udongo mwekundu mzuri mpaka kimo cha mtu, kisha mchanga mtupu. Mchanga haujisimamii, shimo lake hujengewa matofali ndani, kutoka chini mpaka juu. Matofali yaliishia nusu. Bwana Rupert, mwenyekiti wa wakati huo na wa siku zote, alichungulia shimoni akasema yanatosha, mvua inakuja, funika. Wendelini akafunika. Zege likamwagwa, matundu sita, kuta, mabati, wageni wakaja kupiga picha. Nani atachungulia chini ya zege?

Tangu mvua za Februari alikuwa anausikia mchanga ule usingizini. Wiki tano sasa. Ufa ulikuwa umejichora ardhini ubavuni mwa choo, na asubuhi hii kabla ya mkutano alikwenda akagonga kwa mtaimbo. Sauti iliyomrudia haikuwa ya ardhi. Ilikuwa ya debe tupu. Akachonga kijiti cheupe, akakibana katikati ya ufa kama afanyavyo kwenye visima vibovu: kijiti kikidondoka, ufa umepanuka, mtu asikanyage.

Bwana Rupert alimkuta palepale amechutama.

"Mzee mwenzangu, unatafuta nini huku kwa mabinti?"

"Panatitia, Bwana Rupert. Pafungwe leo."

"Pafungwe, watoto waende wapi? Leo hii kamati mpya inakaa kikao cha kwanza, tunatia sahihi fomu ya majengo iende kata. Matundu sita, mazima. Sasa wewe ukisimama useme panatitia, watauliza nani fundi. Nani fundi, Wendelini?"

Wendelini alifuta udongo kwenye mtaimbo.

"Basi. Ya chini yabaki chini. Polisi hawaulizi matofali yaliishia wapi, wanauliza nani alichimba."

Alikwenda mkutanoni amekusudia kukaa nyuma kabisa. Ndipo Adela, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliposimama na mtoto mgongoni na kusema kitongoji cha bondeni kimechoka na mtu yuleyule. "Mimi namtaja baba yangu Wendelini. Haongei sana, lakini hajui uongo." Wazazi wakapiga makofi. Wendelini alitamani ardhi impasukie, kisha akajuta kutamani jambo kama hilo mahali kama hapo.

Sasa miguu ilikuwa inakuja. Kandambili, mabuti ya shamba, pekupeku. Alijaribu kuigawanya kwa masikio, hii ya Rupert, hii yangu, na kila mara ikawa yake. Mtu alikohoa karibu na shingo yake. Mstari ulikuwa unarefuka nyuma yake, watu walioacha palizi ya mahindi waje kusimama nyuma ya mtu asiyejua uongo. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kwani kulikuwa na jambo baya kuliko matofali. Mjukuu wake Careen, wa darasa la tatu, yeye Wendelini alikuwa amemkataza kuingia choo kile tangu Februari. "Ukibanwa, kimbia nyumbani. Usiniulize." Mtoto alikimbia kila mapumziko, akachapwa kwa kuchelewa, na hakusema. Wendelini alimkataza Careen peke yake.

"Nahesabu," alisema mtendaji, kijana aitwaye Aidani. "Mtu asitoke nyuma ya mtu wake! Moja, mbili..."

Rimu ya gari, kengele ya shule, iligongwa. Mapumziko.

Darasa la tatu ndilo lililotoka kwanza. Wasichana watatu walikata uwanja mbio kuelekea chooni, wanacheka, na wa mbele, mwenye sweta la kijani, alikuwa Ekaristia, binti wa Adela. Akaingia. Wenzake wakabaki mlangoni wakisukumana.

Wendelini alitupa macho kwenye ufa. Kijiti cheupe hakikuwapo.

Hakumbuki alivyoanza kutembea. Alisikia tu Aidani akipoteza hesabu, na nyuma yake, miguu. Miguu mingi. Wazazi walikuwa wameambiwa wasimwache mtu wao, na mtu wao anaondoka. Wakamfuata mmoja nyuma ya mwingine, wengine wakicheka, watu arobaini na kitu kwenye udongo uliolowa, kuelekea shimoni. Aliisikia ardhi ikiitika chini ya unyayo.

Akageuka.

"Simameni! Msije! Chini ni tupu! Jamani, chini ni tupu!"

Mstari ukagongana, ukasimama. Wendelini aliwafukuza wale wawili mlangoni, akalala kifudifudi kwenye matope na kutambaa hadi kwenye kizingiti.

"Ekaristia. Mjukuu wangu. Toka polepole, usikimbie."

"Babu, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mama. Shika ukuta. Kanyaga kando ya ukuta tu, hapo chini pana msingi. Katikati usikanyage. Hivyohivyo. Mguu mwingine."

Alitoka ubavuubavu, macho yamemtoka. Wendelini alimdaka kifundo cha mguu, kisha mkono, akajirudisha naye kinyumenyume akitambaa mpaka kwenye nyasi. Nyuma yao, chini ya zege, kitu kilimeguka. Kikakawia. Kisha watu wote wakasikia kikitumbukia majini.

Choo kilibaki kimesimama, milango yake imepakwa bluu, kizuri kwa kupigwa picha.

Mwalimu mkuu Suzana alikuwa wa kwanza kuzinduka. Aliwaamuru walimu walete madawati wazibe njia. Wendelini alisimama na matope kifuani. Alijua wanangoja aseme, na hakuwahi kuogopa vile, hata kisimani kamba ilipowahi kukatika.

"Nilichimba mimi," alisema. "Matofali yaliishia nusu. Nikafunika."

Adela alikuwa amemkumbatia binti yake pamoja na mtoto wa mgongoni. "Ulijua lini, baba?"

"Februari."

Adela alimtazama. Akawatafuta wanafunzi kwa macho, akapita mmoja mmoja, mpaka akamwona Careen anarudi kutoka upande wa nyumbani, anahema, soksi zimeshuka.

"Ndiyo maana," alisema Adela polepole. "Ndiyo maana huyu wako anakimbia."



Bwana Rupert hakuwa amesogea. Alikuwa ameyatazama yote kutoka palepale alipowekwa, mgongo kwa wapiga kura wake, mikono nyuma, na sasa alisema bila kugeuza shingo, "Mtendaji, kanuni ni kanuni. Mwenzangu amegeuka. Amejitoa."

Baadhi walinguruma. Mmoja akasema tumwite polisi. Mwingine akauliza polisi wamchukue nani, aliyechimba au aliyesema funika. Aidani alifungua daftari lake, akakata mstari juu ya hesabu yote.

"Tunaanza upya. Kila mtu asimame anapotaka. Mzee Wendelini, bado umo?"

Angeweza kusema hapana. Hapana ilikuwa tayari mdomoni. Lakini kikao cha kwanza kilikuwa leo, na fomu ilikuwa mezani kwa mwalimu mkuu ikingoja sahihi za kamati, na matundu sita yameandikwa mazima.

"Nimo," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba.

Akakigeukia choo tena. Matope yalikuwa yanamkaukia kifuani. Nyuma yake miguu ilianza, kandambili na mabuti na pekupeku, na safari hii, kila alivyotega sikio, hakuweza kujua kama inakuja au inakwenda.