Rubato ya Mama Mkwe

Fundi cherehani alikuwa na sauti ya kumrudisha mtu aliyekwisha fika mlangoni, na alilijua hilo. Ubaya wake mmoja: noti ikimnogea, haiachii. Aliyepigia kwaya kinanda ni mkwe wake, mume wa binti yake wa pili. Mama mkwe akikawia naye hukawia, vidole vikizungukazunguka palepale kama mtu anayemsubiri mgeni avue viatu. Wimbo wa dakika nne ukafika sita.

"Leo msipomaliza kwa wakati," mwalimu wa kwaya akasema mazoezini, "Jumapili kipande cha fundi cha kuimba peke yake atakiimba muuza samaki."

Muuza samaki, kwenye safu ya nyuma ya kwaya, akasafisha koo taratibu.

Fundi akainua karatasi yake. "Mwalimu, si hapa juu imeandikwa rubato? Mwenyewe ulisema nijiachie."

"Nilisema nusu, kosa langu. Ni neno la Kiitaliano, maana yake 'iliyoibwa'. Waimbaji wa kale wa huko waliiba muda kwenye noti moja, wakaurudisha kwenye zinazofuata. Kinanda hakikuwangoja, kilikwenda zake."

"Kumbe kosa ni la mkwe wangu anayeningoja."

"Na lako, usiyerudisha," muuza samaki akadakia.

Mkwe akainamisha kichwa. "Sasa mama, mimi nikuache nyuma? Nitakula wapi?"

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Aliliwaza gauni aliloliacha mezani: kitambaa kirefu, mkanda wa kiuno mfupi. Marinda unayabana hapa, unayalegeza pale, lakini ncha mbili sharti zikutane, la sivyo gauni halifungi mgongoni. Miaka thelathini mikono yake ilifanya hivyo. Mdomo ndio haukuwa na habari.

"Baba, twende," akamwambia mkwe. "Ukiningoja, hicho chakula kweli hukipati."

Mkwe akafumba macho, akaenda. Fundi akaikalia noti yake tamu, akaionja mpaka akasikia kinanda kinamtangulia. Hapo akaharakisha maneno yaliyofuata, mepesi, bila kumeza hata silabi moja, na neno la mwisho wakalitua pamoja, kidole na sauti.

Mkwe akafumbua jicho moja, aone kama bado ana mama mkwe.

"Jumapili ni wewe, fundi," mwalimu akasema.

Muuza samaki akakunja karatasi yake. "Sawa tu. Angalau tutawahi kutoka."